Uliza Mthamini: Barabara Inapita Sebuleni Kwangu

Mwezi huu barua karibu zote zimekuja na jambo moja: barabara inapanuliwa au reli inakuja, na mwenye nyumba kaambiwa apishe. Nimefanya uthamini miaka thelathini na kitu, mingi kati ya hiyo nikizunguka na futi kamba na fomu za fidia, kwa hiyo safari hii maswali ya mirathi na ya majirani wanaosogeza ua yatasubiri. Barua nimezifupisha. Majina nimeyaacha.

*Shikamoo Mama Mthamini. Vijana watatu walikuja na kopo la rangi nyekundu, wakachora X kwenye ukuta wangu wa mbele, wakaandika namba chini yake, wakaondoka. Nilikuwa kazini, mtoto ndiye aliyewaona. Nyumba hii nimeijenga miaka kumi na mmoja, sijawahi kuitangaza na siuzi. Nikisema siuzi, wanaweza kunitoa? Na kama wanaweza, kwa nini bei wapange wao? Isitoshe, viwanja vya jirani vimeshapanda bei tangu habari za barabara zisikike, lakini nasikia mimi nitalipwa kwa bei ya zamani.*
Mwenye ukuta

Marahaba mwanangu, na pole. Nianze na lililo chungu: ndiyo, wanaweza. Karibu kila nchi ina sheria ya kutwaa ardhi kwa manufaa ya umma, na kwa barabara na reli sababu yake inaeleweka hata kwa sisi tusioipenda. Shule unaweza kuipeleka kiwanja cha pili. Reli haikati kona ghafla wala hairuki nyumba ya mtu. Kama kila kipande kingenunuliwa kwa hiari tu, yule wa mwisho kubaki ndiye angepanga bei ya mradi mzima.

Ila X siyo hukumu. Ni alama ya mpimaji, na kabla hujabishana juu ya bei kuna swali la kujibu kwanza: nyumba yako ndiyo iliyoifuata barabara, au barabara ndiyo inaifuata nyumba? Kila barabara kuu ina hifadhi yake pembeni, yaani ukanda wa ardhi uliotengewa barabara. Aliyejenga ndani ya hifadhi kwa kawaida halipwi, anavunja kwa gharama zake. Hifadhi ikiongezwa baadaye ikamkuta mtu yupo, huyo anastahili kulipwa. Tazama Tanzania. Hifadhi ya barabara kuu ilikuwa mita 22.5 kila upande kuanzia katikati ya barabara, kisha Sheria ya Barabara ya 2007 ikaifanya 30. Hizo mita 7.5 zilizoongezwa zimewagawa majirani mafungu mawili. Huko hata rangi inasema: X nyekundu ni ya aliyeingia hifadhini, ya kijani ni ya mwenye kudai fidia. Sijui uko wapi wewe, na kila mamlaka ina rangi zake, kwa hiyo usiisome rangi peke yako. Nenda na hati yako kwa waliochora, uulize kwa maandishi: ukuta wangu mmeuhesabia wapi, na mstari wa katikati mlioupimia ni upi?

Huo mstari wa katikati usiuache. Barabara ya vumbi huhama. Nimewahi kuona moja iliyosogea hatua sita au saba kwa miaka ishirini kwa sababu madereva walikuwa wanakwepa dimbwi, kisha mpimaji akaja akaanza kupima pale ilipokuwa siku hiyo. Upande mmoja watu walipumua, upande wa pili ukuta wa mzee mmoja ukaingia hifadhini bila yeye kujenga hata tofali moja jipya.

Sasa bei. Sheria nyingi zinamtaka mthamini atafute bei ya soko, yaani bei ambayo mtu anayetaka kuuza angekubaliana na mtu anayetaka kununua, hakuna anayemharakisha mwenzake. Mimi nimeitumia kanuni hiyo maisha yangu yote na sina nyingine iliyo bora, lakini ina uongo ndani yake: wewe hutaki kuuza. Soko linakupa bei ya mtu aliyeamka asubuhi akaamua mwenyewe kuondoka. Ndiyo maana nchi nyingine huongeza kitu juu. Uingereza ya zamani kulikuwa na desturi ya kuongeza asilimia 10 kwa kuwa mtu ameuza bila kupenda. Mwaka 1919 wakaifuta. Miaka ya 1970 wakairudisha kwa mlango mwingine, malipo ya kupoteza makazi, na leo mwenye nyumba huko hulipwa asilimia 10 ya thamani, ndani ya kiwango cha chini na cha juu. Kenya wamezoea kuongeza asilimia 15 ya usumbufu. India, kwa sheria yao ya 2013, huongeza asilimia 100, na vijijini thamani yenyewe inaweza kuzidishwa hadi mara mbili kabla ya nyongeza hiyo. Wahandisi wengi hulalamika kwamba sheria ya India imefanya barabara kuwa ghali. Mimi naona imefanya gharama ionekane. Zamani ilikuwepo vilevile, ila aliyeilipa ni mkulima.

Kuhusu bei ya zamani, hilo lina jina, na jina lenyewe limetoka kwenye machimbo ya mawe ya Pointe Gourde, Trinidad. Ardhi ya kampuni moja ilitwaliwa kwa ajili ya kituo cha jeshi la majini la Marekani, kampuni ikataka ilipwe pia kwa faida ambayo kituo hichohicho kingeiletea. Mwaka 1947 majaji kule London wakasema hapana: thamani iliyoletwa na mradi wenyewe haihesabiwi kwa anayepisha mradi. Nchi nyingi zilizorithi sheria za Kiingereza bado zinafuata kauli hiyo kwa namna moja au nyingine. Faida yake kwako ni kwamba na hasara ya mradi haihesabiwi. Kama nyumba yako imeshuka bei kwa sababu ina X, mthamini hana ruhusa ya kukukata.

Lakini usiniulize kama ni haki kamili, maana nitakwambia hapana. Wewe unapisha kwa bei ya jana. Jirani yako ng'ambo, ambaye hakupisha kitu, anaamka na kiwanja kinachotazama lami. Japani wana utaratibu unaojaribu kuliponya hilo, na wameutumia hata kwenye njia za reli: wenye viwanja wote wa eneo hukatwa kila mmoja kipande, vipande hivyo vinatoa nafasi ya njia na huduma, na kila mtu anarudi na kiwanja kidogo zaidi lakini chenye thamani zaidi. Hakuna anayefukuzwa, hakuna anayeokota bure. Utaratibu huo unahitaji uvumilivu na vikao visivyokwisha. Ningependa kabla sijafa niuone ukijaribiwa sehemu nyingi zaidi.

*Mama, mimi ni mpangaji. Nashona nguo kwenye baraza ya mwenye nyumba, mwaka wa tisa sasa. Mthamini alikuja akapima nyumba, akahesabu miti, akampiga picha mwenye nyumba amesimama mlangoni kashika kibao chenye namba. Nikamuuliza, na mimi je? Akanijibu fidia ni ya mwenye mali. Wateja wangu wananijua kwa ile baraza. Nikihama nani atanijua?*
Fundi cherehani

Barua yako nimeisoma nikaiweka chini, nikaichukua tena baada ya siku mbili. Nitakueleza kwa nini.

Miaka mingi nyuma nilikuwa mimi huyo mthamini. Fomu niliyopewa ilikuwa na mstari wa jengo kuu, mstari wa mabanda, wa ua, wa kisima, miti kwa aina na umri, na chini kabisa makaburi. Nyumba moja tuliyoingia mchana ilikuwa na baraza nyembamba, na barazani mama mmoja alikuwa anashona. Alikuwa amechora mistari ya futi kwa chaki kwenye nguzo ya mlango ili asihangaike na futi kamba, na kwenye msumari amening'iniza vipande vya vitambaa, kila kimoja kimebanwa karatasi yenye jina la mteja. Hakuacha kushona tulipofika. Nilipima baraza: urefu, upana, sakafu ya saruji, paa la bati. Nikaandika. Alinitazama akasema, "Umeandika na wateja?" Nikacheka. Nilidhani anatania.

Fomu haikuwa na mstari wa wateja. Nikageuza ukurasa nikaenda nyumba ya pili.

Mwaka uliofuata nilipita makazi mapya kwa kazi nyingine nikamkuta. Mwenye nyumba alilipwa na akajenga kwingine, yeye alipanga chumba cha ndani, mbali na njia. Cherehani ilikuwa imefunikwa kitambaa na juu yake ameweka sahani zilizooshwa. Hakunilaumu, alinipa kiti. Ndiyo siku niliyoelewa kwamba fidia haipotei siku ya malipo. Inapotea siku ya kuhesabu, wakati kalamu inapokosa mstari.

Sasa wewe. Jibu ulilopewa ni la mtu mwenye haraka, siyo la sheria. Kwanza, nchi kadhaa zinatambua hasara ya biashara mbali na jengo. Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya 1999 inataja fidia kamili, ya haki na ya haraka, na ndani yake imo faida iliyopotea, posho ya usumbufu, ya usafiri na ya makazi. Faida hiyo hukokotolewa kwa miezi 36. Kipengele kigumu kiko kwenye ushahidi, maana kanuni zinataja hesabu zilizokaguliwa, na fundi cherehani wa barazani atazitoa wapi? Pili, Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 40, inaacha mlango wazi kwa mtu anayekaa mahali kwa nia njema hata kama hana hati. Inasema anaweza kulipwa, haisemi lazima, lakini mlango upo. Tatu, na hili ulishike: kama mradi una fedha za Benki ya Dunia, masharti yao yaliyoanza kutumika 2018 yanamtambua hata asiye na haki yoyote ya kisheria juu ya ardhi. Halipwi ardhi, lakini anasaidiwa kurudisha kipato chake na makazi yake. Uliza ofisi ya mradi fedha zinatoka wapi. Swali hilo moja limewahi kubadilisha sura za watu mezani.

Kabla hujaenda, kusanya. Daftari lako la oda, hata kama limepakwa mafuta ya cherehani. Risiti za nyuzi na vitambaa. Ujumbe wa simu wa wateja wanaouliza nguo yangu tayari? Malipo yaliyopita kwenye simu. Barua ya mwenye nyumba, au ya uongozi wa mtaa, kwamba umekuwa hapo miaka tisa. Piga picha baraza ikiwa na kazi, siyo asubuhi ikiwa tupu. Kisha andika barua ya kuomba jina lako liingizwe kwenye daftari la walioathirika, upeleke nakala mbili, na moja wakurudishie ikiwa na mhuri wa kupokelewa.

Mwanasosholojia mmoja aliyefanya kazi Benki ya Dunia, Michael Cernea, alipanga hatari nane zinazomwangukia mtu anayehamishwa. Kukosa ardhi na kukosa nyumba zimo, hizo kila mtu anazijua. Zimo pia kukosa kazi, na kusambaratika kwa watu waliokuwa wanajuana. Hiyo ya mwisho ndiyo wateja wako. Sijawahi kuona fomu yenye mstari wake.

*Shikamoo. Mimi sikuchukuliwa hata futi moja, na ndiyo tabu yangu. Barabara mpya imeinuliwa, sasa tuta liko juu ya madirisha yangu. Mvua ikinyesha kalavati inamwaga maji uani kwangu, na malori usiku yanatikisa vyombo kabatini. Nilipokwenda kuuliza niliambiwa wewe huna kesi, hukutwaliwa.*
Aliyebaki bondeni

Umeangukia kwenye shimo ambalo sheria nyingi zimelisahau. Walioondoka wamelipwa, waliobaki wamepewa kelele. Uingereza walilishughulikia 1973: mtu ambaye hakuguswa na mradi anaweza kudai upungufu wa thamani unaotokana na kelele, mtetemo, harufu, moshi, hata taa zinazomulika usiku, na madai yanafunguka mwaka mmoja baada ya barabara kuanza kutumika, ili ipimwe ikiwa inafanya kazi kweli. Kwingine itabidi upite mlango wa madai ya kawaida ya usumbufu na uharibifu.

Lakini usipoteze nguvu kwenye kelele. Shika maji. Kelele ni ngumu kuithibitisha, maji yanaacha alama. Mvua inayofuata simama uani na simu, rekodi kuanzia mdomo wa kalavati hadi mlangoni kwako bila kukata, sema tarehe kwa sauti. Maji yakishuka, piga mstari wa penseli ukutani pale yalipofika. Mkandarasi akiwa bado hajakabidhi kazi, au akiwa bado ndani ya kipindi chake cha kurekebisha kasoro, mtaro wa kuyageuza maji anaweza kuamriwa auchimbe kwa fedha zilizozuiliwa kwenye mkataba wake. Kipindi hicho kikiisha akaondoka na mitambo, utakuwa unaandikiana barua na ofisi isiyo na sururu. Wahi.

Na wengine mnaosoma ambao tuta bado halijafika: pigeni picha za kuta zenu ndani na nje sasa, zikiwa hazina nyufa.

*Tulithaminiwa zaidi ya miaka mitatu iliyopita. Tukaambiwa tusijenge, tusipande mazao ya kudumu, malipo yanakuja. Choo changu kimetitia, naogopa kuchimba kingine. Hakuna fedha, hakuna reli, hakuna barua. Je, ile hesabu yao bado ni halali? Na kama reli isipokuja kabisa?*
Tunaosubiri

Kwanza chimba choo. Hakuna mradi unaoweza kumkataza binadamu choo. Waandikie barua kwamba umefanya ukarabati wa lazima kwa afya, weka risiti, na usijenge kingine kipya.

Hesabu yenu imechacha. Bei ya saruji ya siku ile siyo ya leo, na fidia ambayo haiwezi kununua nyumba ileile mahali pengine haistahili kuitwa fidia. Wafaransa waliliona hili mapema: tangazo lao la haki la 1789, kifungu cha 17, linasema mali haichukuliwi ila kwa hitaji la umma lililothibitishwa kisheria, na kwa fidia ya haki *iliyotangulia*. Neno hilo la mwisho ndilo wengi hulimeza. Tanzania imeweka saa ukutani: kwa sheria ya uthamini ya 2016, uthamini wa fidia hudumu miaka miwili, na malipo yakipita miezi sita riba inaanza kuhesabiwa. Kama mko chini ya sheria hiyo, mnadai uthamini mpya, siyo hisani. Mkiwa kwingine, tafuteni kifungu kama hicho kwenye sheria yenu, na mwandike kwa pamoja. Barua ya kaya moja huwekwa kwenye faili. Ya kaya arobaini huwekwa juu ya meza.

Kusubiri kwenyewe ni hasara, na hasara hiyo haina mstari kwenye fomu. England mwenye nyumba iliyokwama hivyo anaweza, kwa masharti, kuilazimisha mamlaka imnunue mapema ili aondoke zake. Natamani kila nchi inakili kifungu hicho kabla ya kunakili treni ya mwendo kasi.

Reli isipokuja? Hutokea, hata kwa wenye fedha. Oktoba 2023 Waziri Mkuu wa Uingereza wa wakati huo, Rishi Sunak, alifuta kipande cha reli ya mwendo kasi ya HS2 kutoka Birmingham hadi Manchester, wakati nyumba na mashamba kwenye mstari huo yameshaanza kununuliwa. Na kabla ya hapo wana kisa chao cha zamani kilichowafundisha. Mwaka 1938 jeshi lao la anga lilichukua ekari 725 mahali paitwapo Crichel Down, kwa mazoezi ya kudondosha mabomu. Vita vikaisha, mabomu yakaisha, ardhi haikurudi: ilihamishiwa wizara nyingine, nayo ikataka kuikodisha kwa mtu mwingine. Familia iliyokuwa nayo awali ikagoma kunyamaza. Uchunguzi ukafanyika, na 1954 waziri wa kilimo, Thomas Dugdale, akajiuzulu. Tangu hapo kuna kanuni zenye jina la mahali hapo: ardhi iliyotwaliwa ikikosa kazi, aliyenyang'anywa aulizwe kwanza kama anaitaka. Kwa bei ya soko ya siku hiyo, mtasema, na kweli hilo linauma. Kenya nayo, kwenye sheria yake ya ardhi ya 2012, imempa mwenye awali nafasi ya kwanza sababu ya utwaaji ikifa. India imeweka kikomo cha miaka mitano ya ardhi kukaa bila kutumika.

Nyinyi bado hamjalipwa, kwa hiyo hakuna cha kurudishiwa. Ombeni kitu kimoja tu: barua ya kuwaachilia. Mradi ukifa bila barua, ardhi yenu inabaki na kivuli, na benki itakayokuja kuangalia hati itakiona hicho kivuli.

*Mama, nakuheshimu lakini safu yako inawapendelea wenye nyumba. Mimi nakaa kwenye foleni saa nne kwa siku. Gari la wagonjwa nimeliona limekwama mbele yangu, king'ora kinalia, hakuna pa kupisha. Barabara ya watu laki moja inasimamishwa na watu kumi wanaotaka nyongeza. Wengine ni matapeli, wanapanda miti usiku ili walipwe. Nani anatuhesabu sisi?*
Wa kwenye foleni

Una haki ya kukasirika, na kwenye matapeli sina ubishi. Asubuhi moja nilifika shamba nililoliona wiki iliyotangulia likiwa na nyasi tupu, nikakuta mistari kumi na miwili ya miche ya matunda imenyooka kama gwaride. Udongo ulikuwa bado mbichi na majani yamelegea. Nikainama nikavuta mmoja kwa vidole viwili. Ukatoka wote. Haukuwa na mzizi hata mmoja, ni tawi lililochomekwa ardhini. Mwenye shamba akanitazama, nami nikamtazama, tukacheka wote wawili, na sikuandika kitu. Dawa ya hilo inajulikana: tarehe ya ukomo inatangazwa hadharani, picha za angani zinapigwa siku hiyo, na kilichoota baadaye hakihesabiwi. Mradi usiotangaza tarehe hiyo usilie na matapeli, umewaalika wenyewe.

Lakini hao watu kumi, mwanangu, chunguza vizuri nani amechelewesha nini. Uwanja wa ndege wa Narita, Japani, serikali iliutangaza 1966 bila kukaa kwanza na wakulima wenye ardhi. Wakulima walikataa, wanafunzi wakaungana nao, damu ikamwagika pande zote mbili. Machi 1978, siku chache kabla ya tarehe iliyopangwa ya kufunguliwa, wapinzani waliingia mnara wa kuongozea ndege wakavunja mitambo, na uwanja ukafunguliwa Mei. Miaka 12 kwa njia moja ya kurukia. Umewahi kusikia mradi ukisema vikao vya wanavijiji vinakula muda? Vinakula, ndiyo. Linganisha na miaka 12.

China watu wa aina hiyo huitwa misumari, kwa sababu nyumba zao hubaki zimechomoza baada ya nyingine zote kung'olewa. Mwaka 2012, Wenling, picha ilizunguka dunia: nyumba ya ghorofa tano katikati ya barabara mpya ya lami, magari yanaizunguka. Madai ya wenyewe yalikuwa mepesi, kwamba fidia haitoshi kujenga nyumba nyingine. Ilibomolewa Desemba 1 mwaka huohuo. Niliitazama picha ile nikafikiria mteremko wa lami ulivyokatwa kwa unadhifu kuzunguka kuta. Mtu aliyemwaga lami ile alikuwa na muda wa kuikata vizuri hivyo, lakini inaelekea hakuna aliyepata muda wa kurudia hesabu.

Ulichouliza mwishoni, nani anawahesabu nyinyi, kina jibu. Wachumi wa mradi wanawahesabu: saa zenu za foleni zinageuzwa fedha na kuwekwa upande wa faida, na ndizo zinazouza mradi kwa wakopeshaji. Saa za fundi wa barazani hapo juu haziwekwi upande wa gharama. Mkiwekwa kwenye karatasi moja, nyote wawili, mimi sitawapendelea wenye nyumba tena.

*Jumatatu wanakuja na fomu ya kusaini. Kuna jamaa anasema nikimpa asilimia 20 atanipandishia. Nifanyeje?*
Mwenye haraka

Jamaa mfukuze. Anayeweza kupandisha kwa rushwa anaweza na kushusha.

Jumatatu mwite mtu mmoja anayesoma vizuri, asiwe ndugu mwenye mgao kwenye nyumba hiyo. Mke au mume awepo, na fomu iwe na picha na jina lake pia. Mwombe mthamini aisome fomu kwa sauti, mstari kwa mstari, huku mnatembea nyumba nzima kulinganisha: kisima kipo? Tangi? Ukuta wa nyuma? Kaburi? Namba ya simu na ya akaunti hakiki tarakimu moja moja, maana nimeona malipo yaliyokaa miezi tisa kwa sababu ya sifuri moja. Kama kitu hakikuandikwa, kiandikeni pembeni, nyote mtie sahihi hapo. Kama huridhiki na kiasi, andika "nimepokea, sijakubali kiasi" juu ya sahihi yako; kusaini kwamba umehesabiwa siyo kusaini kwamba umeridhika.

Kisha chukua kalamu yako mwenyewe, na kila mstari uliobaki mtupu kwenye fomu hiyo ukate kwa mkwaju mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho, ndipo usaini. Piga picha kurasa zote kabla hawajaifunga kwenye mkoba.